Umealikwa Nyumbani kwa Mtu Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wageni wanaovuka mpaka wa Horohoro kutoka Kenya, na wale wanaotoka Uganda, Kongo au mbali zaidi. Kiswahili wanacho, ila nyumba ya Kitanga hawajawahi kuingia. Mtu mliyesoma naye, mliyefanya naye kazi au mliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi kakwambia "karibu nyumbani", na sasa hujui uanzie wapi. Lishike hili kwanza: aliyekualika ni mmoja, lakini atakayekupokea ni nyumba nzima, pengine na majirani. Makosa mengi ya wageni hutokana na kumshughulikia rafiki na kuwasahau wenye nyumba.

Aliniambia "karibu nyumbani" wakati tunaagana tu. Ni mwaliko kweli?

Huenda ni adabu tu. Karibu ya kuagana huku anapewa kila mtu. Mwaliko wenyewe una dalili zake: ametaja siku, ameuliza kama unakula pweza, au amempa mama yake simu mkasalimiana. Ukibaki na shaka, piga siku moja kabla useme unataka kupita kuwasalimia wazee. Akisema "njoo", nenda. Akisema "nitakwambia", usimsukume, maana nyumba zina mambo yake.

Kuna na karibu ya barazani. Unapita, watu wanakula, wanakuita. Jibu "starehe" kisha endelea na safari yako. Lakini ukiona mtu anasogea kukuachia nafasi mkekani, hapo kaa uonje tonge mbili tatu. Kukataa mbele ya nafasi uliyokwisha kutengewa ni ukavu.

Nifike saa ngapi?

Kama hukutajiwa chakula, wakati mzuri ni baada ya sala ya alasiri, kuanzia saa kumi na nusu jioni hivi. Jikoni kumetulia, chai ya tangawizi iko motoni, na wanaotoka kazini wanaanza kurudi. Kama umealikwa chakula cha mchana, fika baada ya adhuhuri, kwenye saa saba. Mchana wa Ijumaa usitokee bila kupatana, kwa sababu wanaume wako msikitini na wanawake wana pilikapilika za chakula. Magharibi usiingie mtu akiwa juu ya mswala.

Anayetoka Mombasa siku hiyohiyo asiahidi chakula cha mchana. Foleni ya Lunga Lunga na Horohoro haina ratiba. Na anayetoka Bukavu au Lubumbashi akumbuke kusogeza saa yake mbele kwa saa moja, vinginevyo atafika wali umeshapoa.

Nyumba nitaipataje?

Basi litakushusha stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, na kutoka hapo kuna daladala, bajaji na bodaboda. Ngamiani barabara zina namba badala ya majina, kwa hiyo ukiambiwa "barabara ya nane" usidhani umefichwa kitu. Kutoka hapo nyumba huulizwa kwa watu. Salimia kwanza, kisha ulizia kwa jina la mzee wa nyumba au kwa Mama Fulani. Jina la rafiki yako halitakusaidia sana, kwani mtaani huenda anajulikana kwa jina la utotoni ambalo hajawahi kukutajia. Mwombe akupe hilo mapema, hata kama litamtia aibu.

Usishangae ukielekezwa kwa kushikwa mkono hadi mlangoni. Aliyekupeleka halipwi, anataka tu kujua wewe ni mgeni wa nani.

Nibebe nini?

Vitu vya jikoni. Sukari, majani ya chai, mchele mzuri, sabuni, mafuta ya kupikia. Vinaonekana vya kawaida mno, na ndiyo maana wageni wa mjini huviona aibu wakaleta fremu za picha na vinyago. Nyumba yenye watu wengi inamaliza sukari kila kukicha. Ukitoka Kenya, majani ya chai ya Kericho yanapokelewa vizuri sana huku.

Ukitaka kumfurahisha mama, mletee doti ya khanga, lakini soma maandishi kabla ya kulipa. Khanga nyingine zina maneno ya kumpiga mtu kijembe: jirani, wifi, mke mwenza. Wewe umependa maua na rangi, naye akiivaa kwenda shughulini atazua ugomvi ambao hukuukusudia. Mwambie muuza duka unampelekea mama wa watu, naye atakuchagulia yenye dua au shukrani.

Machungwa usibebe. Unakwenda mkoa wenye Muheza, ni wewe utakayeondoka nayo. Nyama usibebe vilevile, kwa sababu wenyeji Waislamu watataka kujua nani kachinja, na ni vigumu kwao kukuuliza. Pombe hata usifikirie, labda kama unawajua barabara.

Na usiweke zawadi kwenye mfuko wa plastiki. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2017. Chukua kikapu cha ukili, nacho ni zawadi tosha.

Zawadi nampa nani, na mbona hawakuifungua?

Mpe mama wa nyumba au bibi, bila hotuba. Atasema ahsante, atakiweka kando au kumpa mtoto apeleke ndani. Kukifungua mbele yako huonekana kama kupima umeleta kiasi gani. Kesho yake utaletewa chai, nayo ni ya majani uliyoleta.

Nivae nini?

Nguo iliyofunika mabega na magoti, kwa wote. Wanawake wabebe mtandio au khanga mkobani, hata wasipoitumia. Kanzu na baibui si sharti kwa mgeni.

Mlangoni nifanyeje?

Piga hodi kwa sauti, ukiwa umesimama pembeni. Mlango wa nyumba ya Pwani mara nyingi uko wazi na pazia linapepea, na huo uwazi unawadanganya wageni. Usichungulie. Waliomo ndani wanahitaji muda wa kujifunika na kukusanya vilivyotapakaa. Piga hodi mara tatu kwa kuachia nafasi. Usipoitikiwa, geuka uende, hata kama unasikia redio ndani.

Viatu vua kizingitini. Wewe mwanamume, kama rafiki yako hayupo na ndani kuna wanawake peke yao, kaa barazani umsubiri. Watakuletea kiti na maji. Hujafukuzwa, umewekwa mahali panapokulindia heshima wewe na wao.

Salamu zao ni ndefu. Naweza kufupisha?

La. Ukifupisha salamu, umekuja kudai deni. Habari za safari, za huko utokako, za watoto, za wazee, za mvua. Jibu zote "nzuri" kisha zirudishe. Kama una jambo zito la kueleza, litasubiri raundi ya pili.

Wageni kutoka bara la Kenya, ambako shikamoo haisikiki sana, huishia "habari yako" kwa kila mtu. Hapa mzee hapewi habari kabla ya shikamoo. Mpe babu barazani, mpe bibi aliyelala chumbani, na mpe shangazi aliyeko uani akiosha vyombo. Huyo wa uani ndiye wageni humruka, na mara nyingi ndiye aliyepika. Watoto nao watakuamkia wewe, ukijiona kijana mno ni juu yako, jibu marahaba.

Mkono kwa mtu wa jinsia nyingine, subiri auanze yeye. Akiweka kiganja kifuani, fanya vivyo hivyo.

Tutakula kwenye sinia moja. Sijawahi. Nielekezeni.

Mtoto atakuja na jagi la maji na beseni. Nyoosha mikono juu ya beseni yeye amimine, usimpokonye jagi. Kisha kaa mkekani, miguu umeikunja, nyayo zisielekee chakula.

Wali umetandazwa sinia zima, samaki wa kupaka katikati, mchuzi kwenye bakuli au umemwagiwa juu. Kilicho mbele yako ndicho eneo lako. Mkono hauvuki kwenda kwa mwenzio, hata kama kichwa cha samaki kimelala upande wake na macho yako hayatoki hapo. Tulia. Mwenye nyumba ndiye anayenyofoa minofu na kuwasogezea wengine, na mgeni ndiye anayesogezewa zaidi. Ukimaliza kipande, kingine kimeshafika.

Kula kwa mkono wa kulia. Kusanya wali kwa ncha za vidole, ubane kidogo kwenye sinia ushikane, uinue, kisha dole gumba liusukume mdomoni. Kiganja kinabaki kikavu. Vidole havilambwi katikati ya kula na kurudishwa siniani, vinalambwa mwisho. Ukimwaga, hakuna atakayecheka, walau mpaka uondoke. Mwenye shoto aseme mapema, ataletewa sahani yake na kijiko, na hata asiye na shoto akiomba kijiko atapewa.

Jambo lisilosemwa ni namna ya kumaliza. Ukishiba usiinue mkono ghafla. Mgeni akiacha, wenyeji nao huona haya kuendelea, na watoto waliokaa pembeni wanabaki na njaa huku wamesema "alhamdulillahi". Punguza mwendo, okota punje moja moja, piga soga, mpaka uone wengine wanamaliza.

Wanaume na wanawake hawali pamoja?

Nyumba nyingine hula pamoja, nyingine hawali. Kwa wageni mara nyingi masinia huwa mawili. Mume na mke mkialikwa pamoja msistaajabu mkitenganishwa. Mtasimuliana usiku, na wa upande wa wanawake ndiye atakayekuwa na habari nyingi.

Kuna vitu sili, au vinanidhuru.

Sema siku ya mwaliko, si mbele ya sinia. Tanga nazi imo kwenye wali, mbaazi, kisamvu, samaki, mhogo, hata vitumbua. Anayedhurika na nazi au samaki akinyamaza kwa adabu atawatia wenyeji wake hofu kubwa kuliko aibu aliyoikwepa.

Nimewekewa kitu kama ugali lakini cheusi na kinavutika. Ni nini?

Bada, ugali wa unga wa muhogo. Huendana na mchuzi wa papa au kisamvu. Mega tonge dogo, lowesha vizuri, usitafune sana. Ukipikiwa bada jua umeshaingia ndani. Wageni wa kuonyeshwa hupewa pilau.

Mimi ni mwanamke. Nimekaa kidogo, wamenichukua jikoni. Nisaidie kupika au nikae?

Jitolee. Watakukatalia mara ya kwanza, na ukirudia watakupa kazi. Yaelekea watakupa mbuzi. Hicho ni kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele. Kalia, shika kifuu cha nazi kwa mikono miwili, ukizungushe juu ya meno kuanzia ukingoni kwenda ndani. Usikwangue mpaka ukafikia kifuu, kwa sababu ile ngozi ya kahawia ikiingia, tui linakuwa jeusi na wali unaharibika rangi. Sinia lililoko chini litajaa polepole mno kuliko ulivyotegemea. Jirani yako atakuwa anamaliza cha tatu huku anasimulia harusi ya juzi na wala haangalii mikono yake.

Nazi iliyokunwa inatiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa. Tui zito la kwanza linawekwa kando, litatiwa mwishoni. La pili, jepesi, ndilo linalochemshiwa. Usimwage lolote kwa kudhani ni maji ya kuoshea, na usiligeuzie mgongo tui lililo jikoni. Likichemka bila kukorogwa linakatika. Nyumba nyingine siku hizi zina blenda, lakini hata hizo hutoa mbuzi akija mgeni, nadhani kwa sababu blenda haina maongezi.

Jikoni ndiko utakakoijua nyumba. Rafiki yako alikueleza familia yake kwa miezi kadhaa. Wifi yake atakueleza yote kabla wali haujakauka.

Nikialikwa Ramadhani?

Umepewa heshima. Fika kabla ya adhana ya magharibi, si baada, wala usije saa tisa ukawakalia wenye funga. Kutakuwa na tende, uji wenye pilipili manga, viazi vitamu au magimbi ya nazi, tambi, kaimati. Onja kila kitu kidogo, kwa sababu baada ya sala kuna duru nyingine. Asiye Mwislamu anakaribishwa kama kawaida na hafungi kwa lazima, ila mchana asile barabarani.

Wenyeji wangu si Waislamu. Haya yote yanabadilika?

Machache. Mkoa huu una Wakristo wengi, hasa Wabondei wa Muheza, ambako misheni ya Kianglikana ya Magila ilianza karne ya 19. Sala itakuwa ya kabla ya chakula, mtakaa mezani pengine. Hodi, shikamoo, nazi na kumsalimia aliyeko uani viko palepale.

Naweza kulala kwao?

Wakikutaka ulale, kukataa kabisa ni kazi. Chumba utakachopewa ni cha mtu, ambaye usiku huo analala sebuleni na atakana hilo. Lala ndani ya neti. Bafuni kuna ndoo na kopo, na chooni kuna ndala zake ambazo hazitoki humo kuingia ndani. Ukipewa khanga ya kuogea, iweke kamba ya uani, usirudishe mbichi kwenye kitanda.

Mwenyeji anaweza kukupeleka kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ujulikane kwamba upo. Chukua pasipoti yako yenye mhuri wa Horohoro, usione umeshukiwa. Huo ni ulinzi wako pia.

Siku mbili zinatosha kwa mara ya kwanza. Kuanzia ya tatu, fagia, chota maji, nenda sokoni. Methali ya kumpa mgeni jembe hawataitamka mbele yako, lakini wanaijua.

Picha?

Omba kwanza, kila mara. Ndani ya nyumba wanawake hawajajifunika kama walivyo barabarani, na picha ya sinia inaweza kuwa na mtu nyuma yake. Kuomba kupiga ni jambo moja, kuomba kuitia mtandaoni ni jingine.

Wenyeji wangu walikuwa wakitukanana na mgeni mwingine, halafu wakacheka. Nimeogopa.

Ulikuta utani. Wasambaa, Wabondei, Wazigua na wengine wana utani wao wa tangu zamani, na mtani anaweza kumwambia mtu mbele ya mkwewe maneno ambayo wewe ungepigiwa. Hata msibani mtani hufanya vituko. Cheka, usichangie. Kama wewe ni Mdigo wa Kwale, hali ni tofauti, maana Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na usipoangalia utaondoka umegunduliwa kuwa ni mjomba wa mtu.

Nimefika nikakuta msiba.

Usigeuze. Toa pole, kaa na wanaume nje chini ya turubai au na wanawake ndani, kula ukipewa, na toa rambirambi kwa anayeshika daftari. Mazungumzo uliyoyajia yameahirishwa. Mgeni aliyekuja kutembea akakaa matangani hukumbukwa mtaa mzima kwa miaka.

Nilipe chochote?

Chakula hakilipwi, wala usiache noti chini ya sahani, utawaumiza. Unaweza kumshika bibi mkono wakati wa kuaga ukamwachia hela ya kahawa iliyokunjwa ndogo, bila kutangaza. Iwe shilingi za Tanzania. Noti ya Kenya itamfanya atafute mtu wa kumbadilishia.

Naondokaje?

Aga mapema kuliko unavyodhani. Ukisema "naomba kwenda", jibu ni "mapema yote hii?" na kikombe kingine cha chai. Anza kuaga karibu saa moja kabla ya wakati wako halisi. Rudi kwa kila uliyemwamkia, pamoja na yule wa uani. Kisha rafiki yako atakusindikiza, na hapo mlangoni hamuagani. Atakwenda nawe hadi bodaboda, pengine hadi Kange, amebeba kikapu ulicholetea sukari, sasa kina machungwa, nazi na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa. Kitambaa hicho kirudishe ukija tena.

Ukifika kwenu piga simu, na uombe kuongea na mama.

Na wao wakija kwangu Nairobi?

Watafika na mizigo, pengine na mtu mmoja zaidi ya uliyemtarajia. Usikatae wanachobeba hata kama una sukari ya mwezi mzima. Kinachowatatiza zaidi ni geti. Wamezoea hodi na pazia, na sasa wanaombwa kitambulisho, namba ya nyumba na saini kwenye daftari na mtu ambaye hajawauliza habari za safari. Mpe mlinzi majina yao tangu asubuhi, na ushuke mwenyewe kuwapokea.